Betri Iliyoitwa Mkwe

Kama kulikuwa na kazi ambayo Mzee Randa hakuiheshimu hata kidogo, ni ukinyozi. Seremala, alisema, akitengeneza meza, wajukuu wa mwenye meza wataikuta. Kinyozi anakata kitu ambacho wiki ijayo kimeota tena. "Hiyo si kazi," alizoea kusema, "hiyo ni kupalilia." Watu wakacheka, naye akapenda walivyocheka, akairudia kila alipopata nafasi. Maskini hakujua anachoandaliwa. Kitinda mimba wake, binti aliyempenda kuliko alivyokubali kuonyesha, akaleta mchumba nyumbani, na mchumba akawa kinyozi.

Mzee alikubali, maana binti alikuwa na kichwa kigumu alichokirithi pahali panapojulikana. Siku ya harusi alimpa mkwewe mkono, kisha akautazama ule aliopewa yeye: laini, kucha zimekatwa sawasawa, unanukia poda. Wake ulikuwa na makovu ya patasi tangu ujana. Akautoa haraka. Tangu siku hiyo, miaka miwili mizima, walisalimiana kwa heshima zote za ukwe, kijana "shikamoo baba", mzee "marahaba", na baada ya hapo kila mmoja akatafuta ukuta wake wa kutazama.

Basi siku moja kijana akaja karakanani na sanduku kwapani.

"Baba, nimeona kila ukitoboa mbao unazungusha ile keekee kwa mkono. Nikasema bega litakuuma."

Bega lilikuwa linamuuma kweli, tena sana, ila siri hiyo aliijua mkewe peke yake. Ndani ya sanduku mlikuwa na drili ya betri, ya kijivu, mpya, na betri yake moja na chaja yake. Mzee Randa akasema, "Ahsante." Neno moja, kama mtu anayelipia kila herufi. Kijana akaaga, akaenda zake. Alipokwisha kupotea njiani, mzee akachukua ubao wa taka akautoboa matundu arobaini bila sababu yoyote, kama mtoto aliyepewa filimbi. Alifurahi. Hakumwambia mtu kwamba amefurahi, na kwa maoni yangu ubaya wote ulianzia hapo.

Karakana yao ilikuwa banda refu la mabati lenye benchi tatu. Ya kwanza ilikuwa yake, na jina la Randa alilipata kwa ajili ya randa ya mbao aliyoachiwa na fundi aliyemfundisha, ambayo hakumwazima mtu hata kwa machozi. Ya pili ilikuwa ya Fupi, seremala mrefu mpaka mlangoni anainama, na jina alipewa kwa sababu hiyo hiyo. Ya tatu, karibu na dirisha, ilikuwa ya Mama Vanishi, aliyepaka rangi na vanishi samani zote zilizotoka pale, mama wa makamo mwenye ulimi wa kukwangua rangi ya zamani bila msasa.

Kila jioni saa kumi na moja, wenzake wakikung'uta vumbi la mbao, Mzee Randa alifanya ibada yake. Alichukua kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani, yale ya mbao, ambayo yakikauka yanaacha ngozi nyembamba ya kung'aa, akapangusa vyombo vyake kimoja baada ya kingine: randa, patasi sita, msumeno, bisibisi, mpaka koleo. Kwenye vijitundu ambako kitambaa hakifiki alitumia kibrashi. Hivyo ndivyo alivyofundishwa zaidi ya miaka arobaini nyuma, na aliyerudi nyumbani bila kupaka alipigwa rula ya chuma vidoleni. "Chombo ni kama ngozi yako," fundi wake alikuwa akisema, "kisipopakwa kinapauka." Mzee Randa hakuwahi kuona kutu kwenye chombo chake, na hakuona haya kuwakumbusha wenye kutu. Drili ilipokuja, nayo ikapata zamu yake kama vyombo vingine.

Miezi miwili mambo yalikwenda vizuri. Ukichomeka betri kwenye chaja, taa nyekundu inawaka, ikijaa, kijani. Mwezi wa tatu, asubuhi moja, taa zikaanza kupokezana: nyekundu, kijani, nyekundu, kijani, hazitulii. Mzee akaichomoa, akaichomeka tena. Ikakubali kwa nusu saa, ikaanza tena kukonyeza. Siku ya pili ilikubali baada ya kuchomekwa mara sita. Siku ya tatu ilitaka kushikiliwa kwa mkono, imeinamishwa kidogo, na mtu asikohoe.

Wakahangaika nayo. Fupi akasema ni soketi, wakahamia soketi ya Mama Vanishi. Kukonyeza kule kule. Mama Vanishi akasema ni joto, betri ikiwa ya moto haili umeme, wakaiweka kivulini juu ya mtungi wa maji mpaka ikapoa kama kopo la maziwa. Wapi. Mzee akaipeleka kwa fundi redio wa barabara ya pili, ambaye alichoma vibati vyake kwa ncha kali za mita yake, akasoma, akasema, "Betri nzima hii, mzee. Itakuwa chaja." Wakaazima chaja ya namna ile ile kwa mpauaji mmoja, fundi wa mapaa. Nyekundu, kijani, nyekundu, kijani.

"Sikiliza," Fupi akasema, akikuna kidevu. "Betri nzima haichaji, chaja nzima haichajishi. Hapo kuna jambo moja tu. Mali ya bandia. Kikulacho ki nguoni mwako, mzee."

Na Mzee Randa, badala ya kumkatalia, akahisi kitu kinamtulia kifuani. Alikuwa amebeba deni la shukrani miezi mitatu, na sasa mtu amemwambia kwamba zawadi yenyewe haikuwa na thamani. Akacheka. "Ningetegemea nini kwa mtu wa poda?" akasema.

Tangu siku hiyo betri ikapewa jina. Ikaitwa Mkwe. "Mkwe kaamkaje leo?" "Mkwe kalala." "Mkwe kala?" "Kala, lakini hana nguvu, anataka kubembelezwa." Mchezo ule ulikuwa mtamu, tena Mzee Randa ndiye aliyekuwa na maneno matamu zaidi. Hata siku aliyokwenda kufunga milango ya kabati kwa mteja, drili ikamfia kwenye bawaba ya tatu, alimgeukia mama mwenye nyumba akamwambia, "Uniwie radhi, hii ni zawadi ya mkwe." Yule mama akacheka kwa huruma. Mzee akamalizia kwa keekee, bega likimwaka moto, huku akimlaani kinyozi kila alipozungusha.

Jumanne moja, kabla ya adhuhuri, mchezo ulifika kileleni. Betri ilikuwa kwenye chaja tangu asubuhi, inakonyeza.

"Mzee," Fupi akaita, "huyo mkwe mrudishe kwao."

"Kwao watampokea?" Mzee Randa akajibu, bila kuinua macho kwenye ubao aliokuwa akiuranda. "Mtu anayemletea baba mkwe wake betri ya bandia, mimi hata ile pete aliyomvika binti yangu nina wasiwasi nayo. Siku moja itamwachia alama ya kijani kidoleni."

Fupi alivunjika mbavu. Mama Vanishi naye alianza, halafu akaacha katikati, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa ameelekea mlangoni. Mzee akageuka. Kijana alikuwa amesimama kizingitini, futi ya kupimia mkononi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," mzee akasema.

Hakuna aliyejua pa kuweka mikono. Kijana angeweza kuondoka, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake aliingia, akawaamkia wengine, akaenda mpaka kwenye chaja, akaitazama ikikonyeza. "Naomba niiangalie, baba," akasema. Mzee akatikisa kichwa kukubali.

Sasa, kinyozi naye ana mashine za betri. Anaishi nazo mkononi kutwa, anazichaji, anazifungua, anazipaka mafuta. Lakini anajua ni wapi pa kupaka na ni wapi usithubutu. Kijana aliichomoa betri, akaigeuzia mwanga wa dirisha, akachungulia ndani ya vifereji ambamo mna vibati vitatu vya shaba. Akapitisha ukucha. Halafu akainua macho, akatazama ukuta wa nyuma ya benchi ya mkwewe, ambako patasi sita na msumeno na bisibisi zilining'inia zote zinang'aa, na chini yake kitambaa na kibrashi juu ya kopo. Mzee Randa aliyafuata macho yale mpaka yalipotua.

Kijana akaomba spiriti kwa Mama Vanishi, akatoa pamba mfukoni, akaanza. Akasugua, akakwangua kwa kijiti, akasugua tena, bila haraka, kwa vile vidole laini. Vikaanza kutoka vigamba vyembamba vya manjano. Vikaanguka juu ya benchi, karibu na mkono wa mzee, na mzee hakuhitaji kuvishika. Harufu peke yake ilimtosha. Miaka arobaini na zaidi alikuwa amelala nayo mikononi.

"Hiki kibati cha katikati," kijana akasema polepole, "ndicho chaja inachokiuliza kama betri ina joto au haina. Kikizibwa, chaja haipati jibu, inaogopa, inakataa." Akairudisha kwenye chaja. Taa nyekundu ikawaka, ikatulia.

"Kimezibwa na nini?" Fupi akauliza.

Kijana akafunga pamba ndani ya karatasi, akaitia mfukoni. "Vumbi," akasema. "Kosa ni langu. Dukani niliambiwa visafishwe kila wiki, nikasahau kumwambia baba. Nisamehe, baba."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Palikuwa wazi kama mlango. Mzee Randa alifungua mdomo, akaona uso wa Fupi upande mmoja na wa Mama Vanishi upande mwingine, akaona miaka arobaini ya kuwasema wenye kutu, akaufunga. "Haya," akasema. "Yamekwisha." Akamsamehe, unaona? Alimsamehe mtu kwa kosa lake mwenyewe. Kijana akaaga, na mzee akarudi kwenye randa yake, akaranda ubao uliokuwa umekwisha kunyooka.

Betri haikusumbua tena. Aliyesumbuka ni mwenyewe. Alikuwa ametegemea kwamba mambo yataishia pale, kumbe jina la mtu likishashikwa na karakana haliachiwi hivi hivi. "Basi si ya bandia," Fupi alikuwa akiwaambia wateja, "ni uzembe tu wa kijana. Ananunua kitu, hata maelekezo hasikilizi." Mama Vanishi akaongeza kwamba poda huwa inaingia masikioni. Mzee alikuwa akisikia, anatazama chini, na kila jioni akifika kwenye drili anairuka, anapaka koleo. Hakuna aliyeona kwamba anairuka. Aliona yeye.

Wiki moja ikapita, ya pili ikaanza. Asubuhi moja wakinywa chai, mkewe akamwambia kama habari ya kawaida, "Mwanao amesema mumewe kaweka rafu chini ya kioo dukani kwake. Kanunua kule barabara kuu. Nilidhani angekuja kwako."

Mzee akaikumbuka ile futi ya kupimia. Kijana alikuwa amekuja kumpa kazi.

"Mama watoto," akasema, "ile betri ni mimi."

"Ni wewe nini?"

Akamweleza. Mafuta, kibrashi, vigamba, harufu. Akaeleza mpaka maneno ya pete, akiyasema huku anatazama kikombe. Mkewe hakucheka, na yeye alikuwa mtu wa kucheka.

"Na yeye amejua?"

"Alijua kabla yangu."

"Na alipojitwika kosa mbele ya watu, wewe ukasema nini?"

"Nikasema yamekwisha."

Mama akaweka kikombe chini. "Nyani haoni kundule, na hilo tunamsamehe. Wewe umeliona, halafu ukalikalia."

"Ndiyo maana nimekwambia."

"Umeniambia mimi ili upumue. Si mimi niliyevuliwa nguo mbele ya watu. Nenda kaseme uliposemea."

Mzee Randa alikwenda kazini. Njiani aliyapanga maneno, akayapangua, akayapanga tena. Alipofika aliwangoja Fupi na Mama Vanishi wavae aproni zao, akasimama katikati ya banda, akapiga moyo konde.

"Nina neno," akasema. "Ile betri hakuiharibu mkwe wangu. Niliiharibu mimi. Niliipaka mafuta ya kitani kila jioni, yakakauka ndani. Kijana aliona, akanisitiri. Kosa ni langu lote."

Vumbi la mbao lilikuwa linaelea kwenye mwanga wa dirisha. Alingoja wacheke.

Fupi akapiga makofi. "Mmemsikia?" akasema, ingawa pale alikuwapo Mama Vanishi tu. "Huyu ndiye mzazi! Mkwe kaharibu, yeye anajitwika!"

"Simsitiri, nasema kweli."

"Ndiyo, mzee, ndiyo." Fupi akakonyeza.

Mama Vanishi alikuwa anajifuta jicho kwa ncha ya kanga. "Laiti baba mkwe wangu mimi angekuwa na moyo huu," akasema. "Yule mtu alinisema mpaka kaburini. Mzee Randa, Mungu akuzidishie."

"Jamani, niliipaka mafuta!"

"Wewe?" Mama Vanishi akamtazama kwa upole, kama anayemtazama mgonjwa. "Miaka yote hiyo na vyombo, wewe ukosee pa kupaka mafuta? Yaishe. Tumekuelewa. Hatutamsema tena kijana, kwa ajili yako."

Wakarudi kwenye kazi zao, wakizungumza juu ya wema wake. Na mtu akivikwa kilemba cha ukoka anapaswa kukivua pale pale. Lakini hili ndilo lililomchoma Mzee Randa baadaye kuliko yote, kwamba kwa muda wa kumeza mate mara mbili, kilimkaa vizuri. Alikuwa amesema kweli, dhamiri imeridhika, na heshima imeongezeka. Angeweza kukaa nacho mpaka kufa. Kisha akamwona akilini kijana kizingitini na futi mkononi, akahisi uso unamwaka mpaka masikioni. Sasa machoni pao kinyozi hakuwa mzembe tu. Alikuwa mzembe aliyemfanya mzee wa watu aseme uongo.

Jioni ile, saa kumi na moja, aliwaita. "Njooni mtazame," akasema. Akachukua kitambaa chake, akachukua kibrashi, akaipaka betri mbele yao jinsi alivyokuwa akiipaka, kila kifereji, kila kibati, akarudia mara tatu ili mafuta yakolee. Fupi akauliza, "Sasa unaiharibu kweli?" Mzee akalifunga kopo la mafuta. Akaiweka dirishani kunakopiga jua, akasema isiguswe na mtu.

Siku tatu alifanya kazi kwa keekee. Kulikuwa na oda ya viti kumi na viwili, na kila kiti na matundu yake manane. Siku ya pili bega lilivimba, akawa anazungushia mkono wa kushoto. Fupi alijaribu kumwazima drili yake ya waya, akakataa. Hakuwa anajiadhibu ili watu wamwone, maana hakumwambia mtu kwamba linamuuma. Alikuwa hana uso wa kuomba kitu chepesi.

Siku ya nne asubuhi aliichukua betri dirishani, akaichomeka kwenye chaja, wakasimama wote watatu. Nyekundu, kijani, nyekundu, kijani.

"Hamisha soketi," Fupi akasema. Akahamisha. Ikakonyeza huko nako.

Mama Vanishi akainyakua betri, akapeleka ukucha ndani, akakwangua, akautazama ukucha wake. Kama kuna mtu ambaye huwezi kumdanganya juu ya mafuta yaliyokauka, ni yeye. "Hili si vumbi," akasema. "Hii ni ngozi ya kitani. Mzee Randa! Umeipiga betri vanishi!"

Ndipo wakacheka. Walicheka hadi Fupi akagonga kichwa kwenye boriti, na kila Mama Vanishi alipotaka kusema neno alishindwa, akaonyesha betri kwa kidole, akaanza upya. Jirani wa karakana ya vyuma akaja kuuliza kuna nini, akaambiwa, akaenda kuwaambia wa kwake. Mzee Randa alisimama katikati ya kicheko kile mikono imening'inia. Alikuwa amekiogopa karibu wiki mbili, na alikuwa na haki ya kukiogopa. Kilimuuma kila kilipopita.

Fupi ndiye aliyenyamaza kwanza. "Kwa hiyo kijana wa watu," akasema, "siku ile alisimama pale mlangoni, akasikia yale, halafu akajitwika."

"Ndiyo."

"Na sisi tukaendelea kumsema."

"Mlimsema kwa sababu nilinyamaza."

Mama Vanishi akachukua chupa ya spiriti, uso wake umebadilika. "Leta nikusafishie, mzee. Nusu saa tu."

"Hapana," Mzee Randa akasema. Akaitia betri mfuko wa aproni, akatoka.

Ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi duka la kinyozi linajaa. Kulikuwa na viti viwili mbele ya kioo kirefu, na benchi la wanaongoja likiwa na watu watano. Chini ya kioo palikuwa na rafu mpya ya mbao laini, imepigwa misumari minne kama jeneza la haraka, upande mmoja umeinama. Mzee aliiona kabla hajaona watu, akaumeza ulimi wake. Kijana alikuwa ameshika mashine, anamnyoa mteja mmoja, na macho yao yakakutana kiooni.

"Shikamoo baba. Karibu. Pita hapa mbele, nitakuhudumia sasa hivi."

"Marahaba. Nitangoja zamu yangu."

Wateja wakasogeana, mzee akakaa mwisho wa benchi, akaitoa betri, akaiweka mapajani. Aliyekaa karibu naye, mtu mnene mwenye furaha, akaitazama. "Mzee, hiyo si ya kunyolewa," akasema, na wengine wakacheka. "Imepatwa na nini?"

Mzee Randa angeweza kusema haichaji. Ni kweli ilikuwa haichaji.

"Hii alininunulia huyu mkwe wangu," akasema, kwa sauti ya kufika mpaka mlangoni. "Nikaiharibu mwenyewe kwa ujinga wangu, nikamsingizia kwamba kanunua ya bandia. Nikaipa jina lake, nikamfanya kichekesho karakana nzima. Alipokuja akaona kosa ni langu, akalichukua yeye, mbele ya watu. Nikamwacha alichukue."

Mashine ya kunyolea ilikuwa bado inalia, ila haikugusa kichwa. Mzee alijua bado hajafika. Lilikuwa limebaki neno moja, na lile mkwewe alikuwa amelisikia kwa masikio yake.

"Na nilisema hata pete aliyomvika binti yangu huenda ni ya uongo. Nilisema hivyo watu wakacheka. Nililisema kwa sababu nilitaka wacheke."

Yule mnene aligeuka kutazama barabarani. Kijana akaizima mashine, akaiweka juu ya rafu, akajifuta mikono kwa taulo, kidole kimoja kimoja, kwa muda mrefu.

"Baba," akasema, "siku ile nilikuona. Nilijua umeelewa."

"Nilielewa."

"Nilipotoka nilikwenda taratibu. Nikasema, akinifuata hata mpaka kwenye kona, hata asiposema kitu, basi."

"Sikukufuata."

"Hukunifuata." Kijana akamtazama, safari hii bila kioo. "Iliniuma, baba. Sana."

Mzee Randa alikuwa amejiandaa kuambiwa hakuna neno, yamepita, wewe ni mzazi. Hakuwa amejiandaa kwa hili. Akainamisha kichwa na machozi yakamtoka, mbele ya watu watano na kioo, wala hakuyafuta.

Kijana akaja, akaichukua betri mapajani mwake, akaisogeza kwenye taa, akafungua chupa ya spiriti. Yule mteja wa kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, alikaa akangoja.